Mkufu wa Kasturba

Kila unapozuka mgomo wa madaktari au walimu katika Afrika Mashariki, kuna neno moja ambalo wasiogoma hawakosi kulitoa: wito. Mwaka 2024 madaktari wa hospitali za umma nchini Kenya waligoma kwa siku 56, na moja ya mambo waliyoyagombea ni malipo ya madaktari waliomo mafunzoni, ambayo serikali ilitaka kuyashusha kutoka takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, kwa mujibu wa mkataba wa mwaka 2017, hadi shilingi 70,000. Huku Tanzania wahitimu wa ualimu wanaosubiri ajira huingia madarasani kwa jina la kujitolea, wengine wakipewa posho ya nauli, wengine wakipewa ahsante. Na hakosi kutokea mtu mwenye mshahara kamili na pensheni inayomngoja akawakumbusha kwamba kazi hizi ni za wito, na mwenye wito hatangulizi fedha. Mabishano haya yamenirudisha kwenye vitabu viwili vya India nilivyovisoma nikiwa kijana: Bhagavad Gita, na simulizi ya maisha ya Mohandas Gandhi aliyoiandika mwenyewe katika miaka ya 1920. Kinachobaki kichwani mwa wasomaji wengi wa vitabu hivyo ni kwamba mtu bora hufanya kazi bila kutazamia malipo. Vikisomwa pamoja, tena kwa kituo, vinasema jambo gumu zaidi: tunda la kazi huachwa na mwenye nalo tu, kwa hiari yake, na anayeliacha kwa niaba ya mwenzake hajaacha kitu, amenyang'anya.

Fundisho lenyewe halina maneno mengi. Gita ni beti 700 katika sura 18, ndani ya utenzi mkubwa wa Mahabharata. Majeshi mawili yamekabiliana katika uwanja wa Kurukshetra, na Arjuna, mpiga upinde hodari, akitazama upande wa pili anawaona walimu wake, binamu zake na babu yake. Nguvu zinamwisha. Anauweka upinde chini na kusema ni heri aishi kwa kuomba kuliko kula kwa damu ya hao. Krishna, anayemwendeshea gari la vita, anamjibu kwa hoja nyingi, na mojawapo ndiyo iliyoenea duniani: kwamba binadamu ana amri juu ya kazi yake lakini hana amri juu ya matokeo yake, basi atende linalompasa bila kufungwa na hamu ya atakachopata, wala asifanye hilo kuwa kisingizio cha kukaa bure. Wanaolipenda fundisho hili hupita haraka mno penye swali la msingi, nalo ni nani anayeambiwa. Anaambiwa mwana wa ukoo wa kifalme. Ana upinde, ana gari, ana jeshi, na ana uwezo wa kuondoka. Haambiwi mtunza farasi wala mchota maji wa kambini, na Arjuna hatumwi akawahubirie askari wa miguu wasiulize posho. Akishinda, ufalme na sifa ni vyake na vya ndugu zake. Ndiyo maana kumwambia asivitamani ni neno lenye uzito.

Tena kitabu hakikuishia kwenye ubeti huo mashuhuri. Katika sura ya 3 Krishna anaieleza dunia kuwa gurudumu la kupeana: viumbe hutokana na chakula, chakula hutokana na mvua, mvua hutokana na sadaka, na anayekula vya wengine bila kurudisha chochote ni mwizi. Mwajiri anayepokea kazi na kuuzuia ujira hawezi basi kujificha nyuma ya Gita, kwa sababu Gita imekwisha kumtaja. Na katika sura ya 18, ambapo matendo yanapangwa kwa namna zake, la chini kabisa, lile la gizani, ni tendo linaloanzwa bila kutazama litazaa nini, litapoteza nini, litamdhuru nani, wala kama mtendaji ana uwezo nalo. Aliyesema tusilitamani tunda ndiye aliyesema kwamba asiyelitazama amepotea. Wapo wanaoona kinzano hapo, mimi siioni. Kutamani na kutazama ni mambo mawili, na wahenga wetu waliyatenga zamani waliposema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema huyo hakuharibu kazi kwa kulitazama tembo mno. Aliiharibu siku alipoacha kulitazama akaanza kuzisikiliza sifa.

Gandhi aliisoma Gita kwa mara ya kwanza London mwaka 1889, akiwa mwanafunzi wa sheria, tena kwa Kiingereza katika tafsiri ya Edwin Arnold, baada ya ndugu wawili kumwomba asome pamoja nao na yeye kuona haya kwamba hajawahi kuisoma kwa lugha yoyote. Miaka minne baadaye, akielekea Durban, Afrika Kusini, kwa ajili ya kesi ya mfanyabiashara, meli yake ilipita Lamu, Mombasa na Zanzibar, na pwani yetu ikamwona akiwa wakili kijana asiye na jina. Alipohamia Johannesburg alibandika beti ukutani ili azihifadhi huku akipiga mswaki. Lakini kilichomfungulia maana, kwa maelezo yake mwenyewe, hakikuwa mahubiri ya mtawa. Kilikuwa sheria ya Kiingereza kuhusu wadhamini, aliyoisoma katika kitabu cha Snell. Mdhamini anaweza kushika mali nyingi na senti moja isiwe yake. Gandhi akaona kwamba ndivyo Gita inavyomtaka mtu aishike dunia. Kwangu maelezo hayo ni bora kuliko ya wafasiri wengi waliobobea, na yana matokeo ambayo mwenyewe hakuyafuata mpaka mwisho. Mdhamini hutoa hesabu. Hawezi kusema kwamba kwa kuwa mali si yake, hajui iko wapi. Wala hawi mdhamini wa kitu ambacho mwenyewe hakumkabidhi.

Sharti hili la mwisho ndilo lililomshinda nyumbani kwake, na tunalijua kwa sababu alilieleza bila kujificha. Mwaka 1898 huko Durban makarani wake walikuwa wakiishi naye, na kwa kuwa vyumba havikuwa na mifereji ya maji machafu, vyombo vya haja vilimwagwa kwa mikono. Mmoja wa makarani alizaliwa katika familia ya wale waliohesabiwa najisi. Kasturba, mkewe, hakuweza kuvumilia kubeba chombo cha huyo, wala hakutaka mumewe akibebe. Alikibeba akilia. Wengi wangesema yamekwisha, kazi imefanyika. Gandhi hakuridhika: alitaka ifanywe kwa uso mkunjufu. Alimfokea, na mkewe alipomwambia abaki na nyumba yake, alimkokota mpaka langoni ili amtoe nje, kwenye nchi ya ugenini ambako hakuwa na jamaa wa kumkimbilia. Tukio hili husimuliwa kama kisa cha hasira ya ujana, na Gandhi naye aliliona karibu hivyo. Naliona zito zaidi ya hapo. Anayemlazimisha mtu kazi amedai mikono yake. Anayemlazimisha aifanye kwa furaha na bila kinyongo amedai na moyo. Bwana wa kawaida hafiki huko. Afikaye huko ni bwana mwenye fundisho tukufu mkononi, na hapo ndipo hotuba za wito zinapopata ukali wake: hazitaki tu ufanye kazi bila malipo, zinataka na ushukuru.

Miaka mitatu baadaye, 1901, familia ilipojiandaa kurudi India, Wahindi wa Natal, koloni ulimo mji wa Durban, walimzawadia dhahabu, fedha na almasi, na Kasturba akapewa mkufu wa dhahabu wa thamani ya gini 50. Gandhi alikesha akiwaza. Alfajiri alikuwa ameshaandika barua ya kuvifanya vyote kuwa amana ya jumuiya, akawateua wadhamini, akawashawishi wanawe, kisha ndipo akamwendea mkewe. Kasturba hakuwa amesoma shule, lakini hoja alizozitoa siku hiyo sijaona wakili aliyezijibu. Kwanza alitetea haki ya wakaza wanawe wa baadaye. Kisha akamwuliza mumewe ana haki gani juu ya mkufu wake. Gandhi, kwa ustadi wa mahakamani, akamrudishia swali: mkufu umetolewa kwa utumishi wako au kwa utumishi wangu? Kasturba akamjibu kwamba utumishi wake ni wa wote wawili, kwa maana yeye ndiye aliyetumika usiku na mchana kwa ajili yake, na kuwahudumia watu wa kila namna aliowaleta nyumbani, mpaka akatoa machozi. Je, huo si utumishi? Gandhi anakiri kwamba maneno yalimchoma. Anakiri pia kwamba alikwisha kuamua, na kwamba ridhaa ya mkewe aliipata kwa kumbana. Mwanamume yule aliachana na zawadi zake kwa haki. Mkufu haukuwa wake.

Pingamizi la kwanza liko wazi: lakini amana ilisimama, na fedha zile zilitumika kwa ajili ya watu, si kwa ajili ya Gandhi. Kweli. Sidai kwamba angezila, wala kwamba mkufu shingoni mwa mtu mmoja una faida kuliko mfuko wa jumuiya. Nadai kwamba tendo likishakuwa la watu wawili haliwezi kusafishwa na usafi wa nia ya mmoja. Nyuma ya kila mtu mkubwa anayesifiwa kwa kutojijali kuna anayempikia, anayefua nguo zake, anayewapokea wageni wake usiku, naye jina lake halimo kwenye orodha ya waliojitolea. Akiamua kuacha tunda, anaacha na sehemu ya huyo. Jambo hilo lilijirudia Johannesburg, Gandhi alipoiacha bima ya maisha ya rupia 10,000 aliyoikata Bombay, kwa hoja kwamba Mungu atawatunza mke na watoto, na kumwandikia kaka yake, aliyemlea kama baba, kwamba asitarajie tena fedha kutoka kwake kwani akiba yote sasa ni ya jumuiya. Kaka alikasirika, ingawa kabla ya kufa alimwelewa na kumkabidhi wanawe. Naona hapo Gandhi alikuwa na haki zaidi kuliko kwenye mkufu, maana mapato yalikuwa yake. Lakini mjane na yatima ambao bima ile ingewalinda hawakuulizwa.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu wa vitendo. Wanasema anayeacha tunda atafanya kazi ovyo, na kwamba dunia ya leo ya malengo na tathmini haina nafasi kwa mtu asiyejali matokeo. India imetoa ushahidi wa pande zote mbili. Vinoba Bhave, mfuasi wa Gandhi, aliyewafundisha wafungwa wenzake Gita katika gereza la Dhule mwaka 1932, alifika kijiji cha Pochampally huko Telangana mwezi Aprili 1951. Familia zisizo na ardhi zilimwomba ekari 80, akaliuliza kusanyiko nani atasaidia, na mwenye mashamba mmoja akasimama na kutoa 100. Tangu siku hiyo Vinoba aliizunguka India kwa miguu, mwaka baada ya mwaka, akiomba ardhi kwa ajili ya wasio nayo. Lengo lilikuwa ekari milioni 50. Zilizoahidiwa zilipita milioni 4. Ni nyingi kwa mtu aliyekuwa na miguu yake tu. Lakini sehemu kubwa ilikuwa mawe matupu, au ilikuwa na kesi mahakamani, au haikuwahi kugawiwa, na wakati hayo yakijulikana mtembezi alikwisha kufika mbali. Tenda wema nenda zako ni wosia mzuri kwa asiyengoja shukrani. Kwa anayegawa ardhi haufai, kwa sababu huyo inampasa akae mpaka mipaka ipimwe na hati itoke. Sijaona aliyemtuhumu Vinoba kwa kujinufaisha. Upungufu ulikuwa kwamba alidhani kutojinufaisha kunatosha.

Upande wa pili yuko Govindappa Venkataswamy, daktari wa macho wa Madurai, ambaye vidole vyake vilipindwa na baridi yabisi tangu ujana, na ikabidi ajizoeze upya kushika kisu cha upasuaji. Alistaafu utumishi wa serikali akiwa na miaka 58, na mwaka 1976 akafungua hospitali ya vitanda 11 iliyoitwa Aravind, kwa jina la mwalimu wake wa kiroho, Sri Aurobindo, mwandishi wa mojawapo ya vitabu vinavyosomwa sana kuhusu Gita. Wagonjwa wenye uwezo walilipa, maskini walitibiwa bure au kwa kidogo, na operesheni ya mtoto wa jicho ilipangwa hatua kwa hatua ili mpasuaji mmoja awahudumie watu wengi kwa siku. Lenzi za kuwekwa ndani ya jicho zilipokuwa ghali mno kuagizwa nje, mwaka 1992 taasisi hiyo ilianza kiwanda chake, Aurolab, na kuzitengeneza kwa sehemu ndogo tu ya bei ile. Huyu hakuacha kuhesabu. Alihesabu vitanda, dakika, gharama na madhara ya upasuaji, kwa sababu kila namba ilikuwa jicho la mtu. Alichokiacha ni dai lake mwenyewe juu ya hesabu hiyo. Na jambo ambalo wasifu wake haulipi uzito wa kutosha: wafanyakazi wake walilipwa mishahara. Hakuwaambia wasichana wa vijijini aliowafundisha uuguzi wa macho kwamba thawabu inatosha. Unaweza kubisha kwamba mishahara hiyo ilikuwa midogo kuliko ya hospitali za kibiashara, na ubishi huo una haki ya kusikilizwa. Lakini unabishaniwa kwenye karatasi ya mishahara, mahali panapohusika.

Pingamizi zito kuliko yote ni la Bhimrao Ambedkar, aliyezaliwa miongoni mwa walioitwa wasioguswa, akaja kuongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India. Ambedkar aliiona Gita kuwa kitabu cha kuutetea utaratibu wa matabaka. Ushahidi anao: kitabu kinasema ni bora mtu afanye kazi yake kwa upungufu kuliko ya mwenzake kwa ukamilifu, na katika sura ya 18 kinamgawia Shudra, mtu wa tabaka la chini, kazi ya kuwatumikia wengine. Watetezi hujibu kwamba matabaka ya Gita ni ya tabia, si ya kuzaliwa. Jibu hilo halinitoshelezi, kwani halikumtoa mtu hata mmoja chooni kwa karne nyingi. Hata hivyo, hoja kali kabisa ya Ambedkar haikuwa dhidi ya maandishi. Ilikuwa dhidi ya Gandhi, aliyekuwa akisifu kazi ya kuondoa vinyesi kuwa ni kazi tukufu. Ambedkar aliuliza kwa nini utukufu huo ahubiriwe yule yule aliyefungwa kwenye kazi hiyo na hana nyingine. Hapo nadhani alilishika fundisho la Gita vizuri kuliko waliolihubiri. Gandhi alipobeba ndoo ya kinyesi kwa mikono yake, wakili mwenye uwezo wa kuajiri watu, alikuwa akiacha kitu: heshima ya tabaka lake. Alipomwambia mbeba ndoo kwamba ndoo ni tukufu, hakuacha chochote, na msikilizaji hakuwa na cha kuacha. Maneno ni yale yale. Mmoja ni Arjuna, mwingine ni mchota maji wa kambini.

Tukilichukua fundisho hivyo, matumizi yake katika siku za kawaida yanapungua eneo na kuongezeka makali. Ujira si tunda ambalo Gita inataka liachwe. Ni sehemu ya gurudumu, bila huo mfanya kazi hataamka kesho kuifanya. Kinachobaki baada ya ujira ndicho kinachoweza kuachwa: sifa, cheo cha kuitwa mkarimu, na lile deni la chini kwa chini tunalowawekea tuliowasaidia. Mwislamu wa pwani hahitaji kufundishwa hili na Krishna, kwani riya, yaani kutenda wema ili uonekane, anaijua tangu madrasa, ingawa simu yenye kamera imeifanya riya iwe rahisi kuliko wakati wowote. Mfuko wa unga hauwezi tena kufika kwa mjane bila picha. Nao Wahindi wa Afrika Mashariki, waliojenga hospitali, shule na zahanati kutoka Mombasa hadi Kampala, wamejaza kuta kwa vibao vya marumaru vyenye majina ya wafadhili. Sioni sababu ya kuwacheka. Kibao angalau kinasema nani alitoa nini, na kinaweza kuulizwa. Meneja anayeandika jina lake kwenye ripoti ya karani wake hana hata kibao. Huyo ndiye ambaye somo la Kurukshetra linamhusu asubuhi ya Jumatatu: mwenye upinde, gari na uwezo wa kuondoka.

Gandhi mwenyewe alifika kuelewa kwamba mtu hawezi kuacha kilicho cha mwenzake, ila ilimchukua miaka. Mwezi Machi 1913 mahakama ya Cape ilitoa hukumu iliyozifanya ndoa za Wahindi zisizofungwa kwa taratibu za Kikristo zisitambuliwe Afrika Kusini, na wake halali wakawa si wake tena mbele ya sheria. Gandhi aliona wakati umefika wanawake waingie kwenye mapambano ya Wahindi kudai haki zao na kukubali kufungwa. Aliwaambia wengine pale Phoenix, makazi yao ya pamoja, lakini mkewe hakumwambia. Alieleza sababu baadaye: Kasturba angekubali tu kwa kuwa mumewe ameomba, na ridhaa ya namna hiyo hakuna mtu anayeweza kujua thamani yake. Kasturba aliyasikia mazungumzo, akamwuliza ana kasoro gani hata asifae kwenda jela. Mume akaanza kumtahadharisha, akasema vipi akitetemeka mbele ya hakimu, vipi akishindwa na taabu za kifungoni, na mke akajibu kila swali. Mwezi Septemba mwaka huo alivuka mpaka wa jimbo la Transvaal pamoja na wenzake, akakamatwa, akahukumiwa miezi mitatu na kazi ngumu.